Picha Isiyopita Kichochoroni: Kisa cha Mchoraji wa Lamu Aliyegeuka Mchekeshaji

Kisa hiki kinamhusu mchoraji wa mjini Lamu, mtu wa makamo, aliyefanya sanaa dhahania kwa miaka mingi, akaachana na mkewe, na kabla mwaka haujageuka akawa anachekesha watu harusini na jukwaani. Jina lake silitaji, wala la mtalaka wake, wala mtaa wa nyumba waliyoishi, kwa sababu Lamu ukitaja mlango umetaja ukoo. Nakiandika kwa kuwa kimezungumzwa sana na kimezungumzwa vibaya. Barazani husemwa kwamba talaka ilimvuruga akili, akatupa brashi, akaanza upuuzi. Namfahamu tangu ujana, na jioni zake za mwanzo za vichekesho nilikuwa miongoni mwa waandalizi. Ninavyoona mimi, kilichomtoa kwenye uchoraji ni kukosa dari, ile sehemu ya juu ya nyumba aliyokuwa akichoria. Na kilichomtia matatani kwenye vichekesho ni swali la zamani sana hapa mwambao: nani ana haki ya kumtania nani?

Alichokuwa akichora

Mgeni anayeshuka gatini Lamu na pesa ya kununua picha hutaka moja kati ya tatu: jahazi, punda au mlango wa nakshi. Mwenyeji akinunua, hununua aya iliyoandikwa kwa khati nzuri aitundike sebuleni. Mchoraji huyu hakuchora hata kimoja. Kanvasi zake zilikuwa kubwa, zimejaa visanduku na mistari ya rangi ya chokaa, kijivu na buluu iliyopauka, safu juu ya safu, kisha mahali pamoja safu inavunjika na jicho linajikwaa.

Watu walisema ni uzungu. Sikubaliani nao hata kidogo. Ingia nyumba yoyote ya mawe ya karne ya 18 mjini humu, zile zilizofanya mji wa kale uandikwe kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, ukatazame ukuta wa chumba cha ndani. Utaona zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zimepangwa kwa mizani, plasta imechongwa kwa kisu, na hakuna sura ya mtu wala mnyama popote. Tazama mkeka wa ukili, tazama kofia ya vito. Mababu zetu wameishi na sanaa isiyo na sura kwa karne nyingi, ila hawakuiita picha wala hawakuitia bei. Yeye alikulia katika chumba cha bibi yake chenye ukuta kama huo, na nikimtazama akichora nilimwona akiurudia, kwa rangi badala ya kisu.

Wanunuzi wake walikuwa karibu wote wageni wa Shela, kijiji cha ufuoni jirani na mji, na hapo ndipo riziki yake ilipokuwa dhaifu. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara kwenye visiwa vyetu, watalii wakatoweka. Wakaanza kurudi, na mwaka 2014 kukatokea mashambulizi ya Mpeketoni na kafyu iliyofuata. Mwaka 2020 korona ikaingia, na Kenya ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje tangu mwishoni mwa Machi hadi Agosti mosi. Kila mara hizo kanvasi zilirundikana. Rangi na vitambaa navyo vilitoka Nairobi, kwa basi mpaka Mokowe kisha kwa boti, na dukani hawakopeshi kwa sababu ya sanaa.

Nyumba ni ya nani

Asiyejua desturi za Lamu hatakielewa kisa hiki, kwa hiyo nakaa hapa kidogo.

Katika familia nyingi za kale za mji huu, baba anapomwoza binti yake humpa nyumba, au humjengea ghorofa juu ya ile yake. Mume ndiye anayeingia kwa mke. Ni desturi iliyowalinda wanawake wetu kwa muda mrefu: mwanamke akiachwa hatupwi nje na watoto, kwa kuwa paa ni lake. Anayefunga mizigo ni mume.

Mchoraji wetu alikuwa akifanyia kazi darini kwa mkewe, chini ya makuti. Wazi pande zote, mwanga toka alfajiri hadi magharibi, upepo wa kusi na wa kaskazi ukikausha rangi bila kumuuliza mtu. Kanvasi ndefu kuliko kimo chake aliiegemeza kwenye nguzo, akarudi nyuma hatua kumi kuitazama. Hatua kumi za kurudi nyuma ndani ya mji wa Lamu ni utajiri. Wengi wetu tukirudi nyuma hatua tatu tumegonga ukuta wa jirani.

Juu ya talaka yenyewe nitasema machache, na machache hayo ni yale ambayo mji mzima unayajua. Kulikuwa na madeni, kulikuwa na miezi mirefu bila mauzo, kulikuwa na ukali ulioletwa na hayo. Ilitoka talaka moja, kwa maandishi. Eda ikapita, tuhuru tatu, yaani vipindi vitatu vya utohara, pasi na mume kumrejea mke. Matunzo ya watoto yakapangwa mbele ya kadhi, ambaye mahakama yake inatambuliwa na kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, na hakuna aliyekata rufaa. Kwa mujibu wa karatasi ilikuwa talaka tulivu.

Akapanga chumba mtaa wa Langoni. Dirisha moja, na linatazama ukuta. Ngazi nyembamba yenye kona, kanvasi kubwa hazikuweza kupanda, zikabaki chini kwa mwenye nyumba, zimefunikwa gunia. Akajaribu kuchora ndogo usiku kwa taa ya umeme. Rangi aliyoichanganya usiku, asubuhi akiitoa mlangoni aliikuta ni nyingine. Unyevu wa chumba cha chini ukatia ukungu nyuma ya kitambaa. Alihangaika hivyo kwa miezi, kisha akaacha. Anayesema alitupa brashi kwa wazimu hakuwahi kuingia chumba kile. Mimi niliingia. Mtu mwenye akili timamu kabisa angeacha.

Kuna picha moja iliyomuuma kuliko zote, nayo haikuwa ya kubebeka. Alikuwa ameichora moja kwa moja kwenye plasta ya ukuta wa ngazi, mule ndani kwa mkewe, wakati mtoto wa kwanza alipozaliwa. Ramadhani ya kwanza baada ya kuachana, nyumba ilipopakwa chokaa kama inavyopakwa kila mwaka, ukuta ule nao ulipakwa. Wapo waliomchochea adai haki. Sheria ya hakimiliki ya Kenya kweli hutenganisha kitu na haki ya aliyekibuni: unaweza kumiliki kanvasi bila kumiliki haki ya kuinakili, na haki hiyo hubaki kwa msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini ukuta ni wa mwenye nyumba, na mwanamke aliyepanda ngazi ile kila siku ana haki ya kuamua macho yake yakutane na nini. Namwonea huruma mchoraji kwa jambo hili. Simlaumu mke hata chembe.

Usiku wa maiki

Vichekesho vilianza kwa bahati. Ilikuwa harusi ya binamu yake, na emsii aliyekodiwa alikuwa bado yuko Mokowe anasubiri boti. Wanaume wamekaa, biriani imechelewa, watoto wanapiga kelele. Mtu akampa mchoraji maiki amwage maneno mawili watu watulie. Akasimulia siku aliyohama.

Kisa chenyewe, kama nilivyokisikia baadaye mara nyingi, ni hiki. Alipakia kanvasi kubwa juu ya punda, akaifunga kwa kamba ya usumba, akashuka nayo kuelekea Langoni. Katikati ya kichochoro kanvasi ikakwama, pembe moja kwenye ukuta huu, pembe ya pili kwenye ukuta ule. Punda akasimama. Nyuma ya punda wakasimama watoto watokao chuoni, yaani madrasa, mama mwenye sinia la mahamri kichwani, kijana mwenye mtungi wa gesi. Mzee mmoja akainama akachungulia chini ya tumbo la punda.

"Bwana, umebeba nini?"

"Picha, mzee."

"Picha ya nini?"

"Ya huzuni."

Hapo mchekeshaji hunyamaza. Huinua mikono akaonyesha jinsi mzee alivyoipima ile picha, ukuta hadi ukuta, polepole, midomo ikihesabu.

"Huzuni yako pana sana, mwanangu. Ilaze ubavu ipite, watu wana njaa."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na biriani ilipofika watu walitaka aendelee. Wiki haikuisha akaalikwa harusi nyingine. Kisha akaja mwenye duka akitaka amtangazie bidhaa kwa simu, kisha zikaja jioni zetu za vijana. Alianza kulipa kodi ya chumba kwa wakati.

Natamani wasomaji waone kilichomo ndani ya kisa hiki kifupi. Mke hayumo. Talaka haikutajwa. Kila aliyekaa pale alijua mtu yule anahama kutoka wapi na kwa nini, na hakuna aliyelazimishwa kulisikia. Mpango wake ni ule ule wa kanvasi zake: maswali mafupi yanayofuatana kwa mizani moja, kisha moja linavunja safu. Miaka yote ya kukaa na zidaka haikupotea.

Kilipoharibika

Kiu ya kicheko ni kali, nimeiona ikiwala wengi. Miezi michache baadaye alianza kuitia sauti ya mtalaka wake jukwaani: namna alivyokuwa akiuliza picha imekwisha lini na itauzwa kwa nani, mkono kiunoni, na maneno mengine ya ndani. Maneno hayo sitayarudia hapa. Watu walicheka, tena sana. Mtu akarekodi, na kufikia usiku wa manane klipu ilikuwa imezunguka vikundi vya WhatsApp vya kisiwa kizima, kuanzia Mkomani mpaka Matondoni.

Asubuhi binti yao alikwenda shule, na wenzake wakamwigia sauti ya mama yake.

Kaka wa mwanamke alikwenda barazani kwa ami yake mchoraji. Hakwenda kwa ugomvi. Alikaa, akanywa kahawa, akasema alichokuja kusema, akaondoka. Ami akamwita mchoraji, na maneno aliyomwambia yalikuwa machache: "Mwanangu, mambo ya nyumbani hayatoki ndiani." Ndiani kwa Kiamu ni njiani.

Vijana wengi, na baadhi ni rafiki zangu, walimtetea. Hoja yao ni kwamba msanii yuko huru, na kwamba wachekeshaji duniani kote huishi kwa ndoa zao. Ni hoja nzito, nami nataka kuijibu kwa uzito wake.

Kwanza, mwambao una sheria zake za mzaha, na ni sheria za haki kuliko tunavyozipa sifa. Babu humwita mjukuu wa kike mke wake na kila mtu hucheka. Binamu hutaniana hata msibani. Shemeji humsema shemeji mbele ya watu. Kila mmoja wa hao ana idhini, na wa upande wa pili ana idhini hiyo hiyo ya kurudisha. Mtalaka hayumo. Talaka ilipotimia, daraja la utani kati yake na nyumba ile lilivunjwa pamoja na ndoa, na aliyekuwa shemeji sasa ni mjomba wa wanawe tu, mtu wa kuheshimiwa. Mchoraji alipanda jukwaani na idhini iliyokwisha muda wake.

Pili, tazama nani anachekwa. Redykyulass, kundi la wachekeshaji wa Kenya, walipomwiga Rais Moi kwenye televisheni walimchukua mwenye nguvu kuliko watu wote nchini, na ndiyo maana nchi ilishusha pumzi. Mwanamke wa Lamu aliye ndani kwake, asiye na maiki, ambaye klipu inamkuta sebuleni usiku, hana nguvu ya namna hiyo. Na mchekeshaji wa Nairobi akimtaja mkewe mbele ya watu elfu moja, hakuna hata mmoja anayemjua. Hapa, watu mia wanamjua kwa jina, kwa baba na kwa babu.

Tatu, na hili ndilo lililonigusa zaidi, mwanamke yule alikuwa na uwezo wa kujibu na hakujibu. Wanawake wetu wana majukwaa yao: vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini, usiku wa harusi, nyimbo za vijembe ambazo mwanamume hatakiwi kuzisikia lakini huzisikia kesho yake. Rafiki zake walikuwa tayari wamemtungia. Mmoja alimletea leso yenye maneno makali avae apite nayo sokoni. Aliirudisha. Aliposimuliwa hayo, mchoraji hakula siku ile.

Tuliosomea chuoni hatuna haja ya kwenda mbali. Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kuwacheza shere watu wengine, na inawataja wanawake kwa jina lao. Na katika Suratul Baqara, aya ya 237, pale pale panapozungumzwa talaka, tunaambiwa tusisahau fadhila baina yetu. Imamu aliligusa hilo katika darsa moja bila kumtaja mtu, na kila aliyekuwapo alimwelewa.

Alivyojirekebisha

Aliomba radhi kwa njia inayofaa hapa: ami yake akaenda kwa kaka wa mtalaka, na ujumbe ukaingia ndani kupitia huko. Jibu lililorudi lilikuwa fupi. Radhi imesikika, ada ya shule bado.

Ada akailipa. Kisha akafanya kazi ambayo naiona ndiyo kiini cha kisa hiki kwa yeyote anayejali usanii. Alikaa na kila kichekesho chake, akamtoa mwanamke ndani yake. Hakumbadilisha jina tu, maana kubadilisha jina Lamu ni kazi bure. Alimtoa kabisa, akatazama nini kimebaki. Pale ambapo hakikubaki kitu, akakitupa. Pale ambapo kilibaki kichwa kigumu cha mwanamume, deni, punda, ngazi yenye kona, akakijenga upya juu ya hicho. Nilimwambia hivyo ndivyo alivyokuwa akichora, akiondoa sura mpaka libaki umbo. Akanijibu kwamba kuondoa sura kwenye kanvasi hakukuwahi kumgharimu kitu.

Nilishuhudia tofauti kwa macho. Katika jioni zetu hukaa nyuma, natazama mabega ya watu kuliko uso wa anayezungumza. Wakati ule wa kuigiza sauti, mabega yalitikisika, lakini kila baada ya kicheko vichwa viligeuka kutafuta nani wa ukoo ule yupo ukumbini. Kicheko kilikatika nusu, kila mara. Baada ya kumtoa, vichwa havigeuki tena. Watu wanacheka mpaka mwisho wa pumzi zao, na wazee wa ukoo ule wawili wameshakaa safu ya tatu.

Sasa yumo kwenye mambo ya mji. Anachekesha na meli kubwa zinazotia nanga bandarini Kililana, ambako gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, huku mvuvi wa Lamu akiuliza samaki wake waliambiwa wahamie wapi. Anachekesha na fidia ya shilingi bilioni 1.76 ambayo Mahakama Kuu iliwaamulia wavuvi mwaka 2018, na jinsi mjomba wake alivyoitumia yote kwa maneno, kuanzia kununua mashine mpaka kwenda Hija, kabla hata senti moja haijafika. Haya ni makali, na yanauma panapostahili kuuma.

Yaliyobaki

Klipu ile bado imo simuni mwa watu. Hakuna radhi inayoifuta, na binti atakua nayo. Nimewaomba wasimamizi wa vikundi viwili waifute, mmoja amekubali. Anayesoma haya na anayo, aifute leo.

Dari nalo bado. Jamaa yake mmoja wa Shela amemwahidi sehemu ya juu ya nyumba isiyokaliwa, apate kurudi kwenye kanvasi zake chini ya gunia kabla panya hawajazimaliza. Natumaini ahadi hiyo itatimia, kwa sababu mchoraji mzuri bado yumo ndani ya mchekeshaji huyu na mji wetu hauna wengi wa namna yake.

Na kuna ubishi mpya. Anataka kuandaa onyesho la usiku mzima katika ua wa Ngome, jengo lililokuwa jela mpaka 1984 na sasa ni mahali pa maonyesho na mikutano. Baadhi ya wazee wanataka wasikilize kila neno kabla, wakate wasichokipenda. Kwa yale yanayogusa nyumba ile na wanawe, nawaunga mkono, tena ningependa mwanamke mwenyewe ndiye apelekewe kwanza, na neno lake liwe la mwisho. Kwa yale ya bandari, ya fidia na ya afisi za kaunti, nimewaambia wazi kwamba sitakubali hata neno moja likatwe, na kama ukumbi utakataliwa kwa sababu hiyo, tutatandika mikeka ufuoni Shela maji yakiwa yametoka.